Je, Euro Ndiyo Iliyokata Pensheni za Wagiriki?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro na nimebakiza miaka michache kustaafu. Nimesoma kwamba katika Umoja wa Ulaya mambo ya afya, pensheni na mishahara yapo mikononi mwa kila nchi. Iweje basi wakopeshaji wa nje waliweza kuamuru pensheni za Wagiriki zikatwe? Kosa lilikuwa la euro, la deni au la Wagiriki wenyewe? Na sisi tunaoambiwa kwamba Afrika Mashariki itakuwa na sarafu moja, je, tuyahofie mafao yetu?

Jibu: Mwalimu, umeuliza maswali matatu kwa pamoja, nami nitayafuata kwa mpangilio wako, ingawa lile la kati litachukua nafasi kubwa zaidi. Msimamo wangu ni huu: euro peke yake haikumkata mtu pensheni, ila iliziba njia nyingine ambazo nchi iliyoelemewa huzitumia kujinasua, ikabaki njia ya mishahara, pensheni na huduma za jamii. Kisha kanuni zilizotungwa kuilinda sarafu hiyo zikawapa mawaziri wa fedha na Benki Kuu ya Ulaya sauti kubwa katika mambo ambayo kisheria hayakuwa yao.

Ulichokisoma ni kweli. Mkataba kuhusu Utendaji wa Umoja wa Ulaya, katika Ibara ya 153, unasema wazi kwamba mamlaka ya Umoja katika sera za kijamii hayagusi malipo ya mishahara, na Ibara ya 168 inaziachia nchi wanachama uendeshaji wa huduma za afya na ugawaji wa fedha zake. Lakini mkataba huohuo unakataza, katika Ibara ya 123, benki kuu kuzikopesha serikali moja kwa moja, na katika Ibara ya 125 unasema kwamba nchi moja haitabeba madeni ya nyingine. Matokeo yake ni kwamba serikali ya nchi ya euro hukopa kwa fedha ambayo haiwezi kuichapisha, haina benki kuu yake ya kuikimbilia, na jirani hana wajibu wa kuikomboa. Siku wanunuzi wa hatifungani, yaani hati ambazo serikali huuza ili kukopa, wanapoikimbia, mkopo wa dharura huja na masharti yake, na ni kupitia masharti hayo, si kupitia sheria ya kawaida ya Umoja, ndipo watu wa nje walipoingia katika mambo ya pensheni.

Watu wa rika lako wanakumbuka mwaka 1986, Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na shilingi ikashushwa sana thamani. Wanakumbuka pia uchangiaji wa gharama ulivyoingia katika hospitali za serikali kuanzia 1993. Kushuka kwa sarafu kunauma. Mafuta ya taa na dawa za kutoka nje hupanda bei, na mshahara unaobaki uleule kwa tarakimu haununui tena kile ulichokuwa ukinunua. Hata hivyo, maumivu hayo huwafikia watu kupitia bei, bila bunge kulazimika kutaja ni nani akatwe na kwa kiasi gani; mauzo ya nje na utalii hupata nafuu, na deni lililoandikwa kwa sarafu ya nyumbani hupungua uzito. Ugiriki haikuwa na shilingi ya kushusha. Ilijiunga na euro mwaka 2001, ikawa inakopa kwa riba iliyokaribiana na ya Ujerumani, kana kwamba wakopeshaji wamesahau kuwa hizo ni nchi mbili. Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ikatangaza kwamba nakisi ya bajeti, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato, ilikuwa kubwa mno kuliko ilivyoripotiwa. Hesabu za mwisho ziliifikisha juu ya asilimia 15 ya pato la taifa, wakati kikomo cha nchi za euro ni asilimia 3. Mei 2010 ukaja mkopo wa euro bilioni 110 uliosimamiwa na Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na IMF, watatu waliokuja kujulikana kama Troika. Wa pili ulifuata mwaka 2012, na wa tatu, wa hadi euro bilioni 86, ukaidhinishwa Agosti 2015.

Kwa kuwa bei za Ugiriki hazikuweza kushuka kwa njia ya sarafu, ilibidi zishuke kwa njia ya mishahara, jambo ambalo wachumi huliita kushusha thamani kwa ndani. Fedha za mkopo hazikutolewa kwa mkupuo. Zilitolewa kwa awamu, na kabla ya awamu kutoka, wakaguzi walifika Athens kupitia orodha ya hatua ambazo bunge lilitakiwa liwe limekwisha kuzipitisha. Februari 2012 kima cha chini cha mshahara kilishushwa kutoka euro 751 hadi 586 kwa mwezi, sawa na asilimia 22, na kwa walio chini ya miaka 25 kikashushwa kwa asilimia 32. Fao la mtu asiye na kazi lilipunguzwa kutoka takriban euro 461 hadi 360. Mikataba ya hali bora iliyokuwa ikifungwa kwa sekta nzima ililegezwa ili kila kampuni ipatane na wafanyakazi wake yenyewe. Novemba mwaka huohuo bunge lilipitisha, kwa kura 153 kati ya 300 na kwa utaratibu wa haraka, sheria ya mamia ya kurasa iliyopangwa kama kifungu kimoja, na ndani yake umri wa kustaafu ukapandishwa hadi miaka 67 na malipo ya ziada ya wastaafu yakafutwa. Wagiriki walizoea kulipwa pensheni 14 kwa mwaka, zile mbili za ziada zikigawanywa Krismasi, Pasaka na wakati wa likizo ya kiangazi. Kuanzia 2013 zikawa 12, na hizo 12 zenyewe zilikuwa zimekwisha kukatwa zaidi ya mara moja.

Mlolongo huo wa makato ndio uliolalamikiwa na vyama vya wastaafu wa Ugiriki mbele ya Kamati ya Ulaya ya Haki za Kijamii, chombo cha Baraza la Ulaya ambalo si sehemu ya Umoja wa Ulaya. Desemba 2012 kamati hiyo iliamua kwamba hata kama kila kato likitazamwa peke yake huenda lingevumilika, jumla yake ilikiuka Mkataba wa Kijamii wa Ulaya, na serikali haikufanya utafiti wa kutosha kujua makato hayo yangewafanya nini wanyonge. Serikali ilijitetea kwamba ilikuwa ikitekeleza ahadi zake kwa wakopeshaji, na kamati ikajibu kwamba ahadi hizo haziifuti haki iliyokwisha kuridhiwa. Uamuzi huo haukurudisha hata euro moja mfukoni mwa mstaafu.

Kwa upande wa afya, mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko takwimu za bajeti zinavyoonyesha, kwa sababu bima ya afya ya Ugiriki ilifungamanishwa na ajira. Mtu aliyeachishwa kazi alipata fao kwa muda usiozidi miezi 12. Ukosefu wa kazi ulipoendelea, bima nayo ikakatika. Mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulifikia takriban asilimia 27, na miongoni mwa vijana ulizidi nusu, kwa hiyo si ajabu kwamba idadi ya wasio na bima ilikuja kukadiriwa kuwa milioni 2.5 katika nchi ya watu wasiozidi milioni 11. Masharti ya mkopo wakati huo yalitaka matumizi ya serikali katika afya yasivuke asilimia 6 ya pato la taifa, huku pato lenyewe likiporomoka. Ada ya kumwona daktari katika hospitali za umma ilipandishwa kutoka euro 3 hadi 5 mwaka 2011, na Januari 2014 ikaanzishwa ada ya euro 25 ya kulazwa, ambayo iliondolewa baada ya muda mfupi kwa sababu ya kelele za wananchi. Huko Helliniko, kando ya uwanja wa zamani wa ndege wa Athens, madaktari wa kujitolea walifungua mwishoni mwa 2011 kliniki ya bure kwa wasio na bima. Walikataa kupokea fedha, wakapokea dawa tu, nyingine zikiwa mabaki yaliyoletwa na watu kutoka majumbani mwao. Wasio na bima walirudishiwa haki ya kutibiwa hospitali za umma kwa sheria ya 2016, yaani miaka sita baada ya mkopo wa kwanza.

Kuna kinyume kimoja ambacho nakuomba ukitazame kwa makini, kwa kuwa kinafundishika hata darasani. Pensheni zilikatwa mara nyingi, lakini uzito wake katika pato la taifa ulipanda badala ya kushuka, kwa sababu pato lenyewe lilipungua kwa takriban robo kati ya 2008 na 2013, na watu wengi walikimbilia kustaafu mapema kabla ya sheria kubadilika. Deni nalo lilikuwa karibu asilimia 127 ya pato mwaka 2009. Mwaka 2014, baada ya mikopo miwili ya uokoaji na baada ya wadai binafsi kufuta sehemu ya madai yao, lilikuwa karibu asilimia 180. Ukigawanya namba kwa namba nyingine inayopungua haraka kuliko hiyo ya kwanza, jibu linakua. Januari 2013 Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa IMF, na mwenzake Daniel Leigh walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watabiri walichukulia kuwa kila euro moja inayobanwa katika bajeti ingepunguza uzalishaji kwa takriban senti 50, ilhali ukweli mwanzoni mwa mgogoro ulikuwa zaidi ya euro moja. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la kitaalamu la kipindi chote, na lilikubaliwa wakati makato makubwa yalikuwa yamekwisha kupitishwa.

Je, Wagiriki hawana lawama? Wanayo, na si haki kuificha. Mfumo wao wa hifadhi ya jamii kabla ya 2010 ulikuwa mzito upande wa pensheni na mwepesi kila mahali pengine. Mifuko ilikuwa mingi, kila kundi la kazi na lake, nyingine ikiwapa wanachama wake masharti manono na nyingine hohehahe. Gharama za dawa zilikuwa kubwa kupita kiasi, na mfumo wa kuandika dawa kwa kompyuta ulioanzishwa chini ya masharti ya wakopeshaji ulisaidia kweli kupunguza upotevu. Zaidi ya hayo, Ugiriki haikuwa na fao lolote la kitaifa kwa mtu maskini asiye na mfuko wala kazi. Mgogoro ulipoingia, nyumba nyingi ziliishi kwa pensheni ya babu au bibi, kwa hiyo kumkata mzee kulikuwa ni kumkata pia mjukuu asiye na ajira. Msaada wa kipato cha chini kabisa kwa kila kaya maskini ulijaribiwa katika manispaa 13 mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima 2017, na uliingia kama sharti la wakopeshaji walewale. Anayesema Troika ilibomoa tu anaacha jambo hilo nje. Anayelitaja kama utetezi anasahau kwamba msaada huo ulifika baada ya nyumba kwisha kuungua, na fedha zake zilikuwa ndogo mno zikilinganishwa na zilizokwisha kuondolewa.

Usidhani kwamba shinikizo lilizihusu nchi zilizokopa peke yake. Agosti 2011 Jean-Claude Trichet, rais wa Benki Kuu ya Ulaya, na Mario Draghi, aliyekuwa akisubiri kumrithi, waliiandikia serikali ya Italia chini ya Silvio Berlusconi barua ya siri, baadaye ikavuja, wakitaka pamoja na mengine mabadiliko ya pensheni na ya mapatano ya mishahara. Muda mfupi baadaye benki hiyo ilianza kununua hatifungani za Italia. Berlusconi alipoondoka, serikali ya Mario Monti ilipandisha umri wa kustaafu Desemba 2011 kwa kasi kiasi kwamba maelfu ya wafanyakazi waliokwisha kukubaliana na waajiri wao kuacha kazi wakijua pensheni iko karibu walijikuta hawana mshahara wala pensheni. Waitaliano waliwapa jina, *esodati*, na zilihitajika sheria kadhaa za nyongeza kuwaokoa kundi baada ya kundi. Hakuna mkopo wa Troika uliokuwa umesainiwa Roma.

Baada ya hapo usimamizi ukafanywa wa kudumu. Sheria za 2011 na 2013 ziliweka kwamba kila nchi ya euro ipeleke rasimu ya bajeti kwa Tume ya Ulaya huko Brussels kufikia tarehe 15 Oktoba, kabla bunge lake halijaipitisha, na kwamba adhabu ikipendekezwa na Tume ichukuliwe kuwa imepita isipokuwa wingi mkubwa wa nchi uikatae. Mapendekezo ya kila mwaka kwa kila nchi hugusa umri wa kustaafu, gharama za hospitali na mapatano ya mishahara. Mapendekezo hayo si amri, na kwa kweli hakuna nchi iliyowahi kulipa faini kwa ajili ya nakisi. Mwaka 2016 Hispania na Ureno zilihukumiwa faini ya sifuri, na huko nyuma, mwaka 2003, Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimevuka kikomo bila kuadhibiwa. Nchi dhaifu mbele ya soko huyasikiliza mapendekezo hayo kwa hofu, nchi yenye nguvu huyasoma na kuyaweka kabatini.

Hata hivyo nafasi ya ndani ya nchi haikufutika, na hili ndilo linalonifanya nikatae kusema kwamba kila kitu kiliamuliwa nje. Ureno ilipokata malipo ya mwezi wa 13 na wa 14 ya watumishi wa umma na wastaafu, Mahakama yake ya Katiba ilisema Julai 2012 kwamba mzigo umetwishwa kundi moja kinyume cha usawa, ikarudia msimamo wa aina hiyo Aprili 2013, na serikali ikalazimika kutafuta fedha kwingine, hasa kwenye kodi. Ireland, ambayo deni lake lilitokana zaidi na kuokoa mabenki binafsi, ililinda kiwango cha pensheni ya serikali cha euro 230.30 kwa wiki, lakini ikashusha posho ya vijana wasio na kazi hadi euro 100. Vijana hupiga kura kidogo kuliko wazee, na wao wana njia ya kuhama. Iceland, iliyo nje ya Umoja wa Ulaya, iliiacha sarafu yake ishuke karibu nusu, ikazuia mitaji isitoke nchini, na kwa makubaliano na IMF ikalinda sehemu kubwa ya huduma zake za jamii; ila wenye mikopo ya nyumba walipigwa na mfumuko wa bei, kwa hiyo sarafu yako mwenyewe nayo si kinga kamili.

Janga la korona lilionyesha kwamba kanuni hizo si maumbile. Machi 2020 vikomo vya nakisi vilisimamishwa, Umoja ukakopa kwa jina lake kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa, ukatoa hadi euro bilioni 100 za mikopo kwa nchi ili zilipe wafanyakazi waliopunguziwa saa badala ya kuwaachisha. Kanuni mpya zilianza 2024. Zinapanga njia ya matumizi ya kila nchi kwa miaka minne hadi saba na ni pole zaidi, lakini vikomo vya asilimia 3 ya pato kwa nakisi na 60 kwa deni vimebaki palepale.

Sasa kwetu. Itifaki ya Umoja wa Sarafu wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikilenga 2024, na lengo hilo limesogezwa hadi 2031. Vigezo vyake vikuu ni mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi isiyozidi asilimia 3 ya pato pamoja na misaada, deni lisilozidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni ya miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Hakuna kati ya hivyo kinachopima ajira, bima ya afya au idadi ya wazee wenye pensheni, na hapo tumefuata mfano wa Ulaya karibu neno kwa neno. Tofauti yetu ni kwamba watu wetu wengi wako nje ya ajira rasmi, hivyo hapa kibano kingeanzia dawa za zahanati, mikopo ya wanafunzi na ajira mpya za walimu kabla hakijafika kwenye pensheni.

Kuhusu mafao yako mwenyewe, hatari niionayo haiko kwenye makato ya sheria pekee. Machi 2012, wadai binafsi wa Ugiriki walipofuta asilimia 53.5 ya thamani ya hatifungani zao, mifuko ya pensheni ya nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa wenye hatifungani hizo, nayo ikapoteza pamoja na mabenki. Hatifungani zilizoshikwa na Benki Kuu ya Ulaya hazikuguswa. Mifuko yetu, ikiwemo PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, nayo huweka sehemu kubwa ya michango katika hatifungani za serikali, kwa sababu serikali inayokopa kwa shilingi yake haikosi shilingi za kulipa, hata kama shilingi hizo zitakuwa zimepungua nguvu. Ikikopa kwa sarafu ya pamoja, uhakika huo unaondoka. Kwa hiyo masharti ya 2031 yatakapojadiliwa, kifungu ambacho mimi ningekisoma kwanza si kile cha nakisi ya asilimia 3, bali kile kitakachosema ni nani atanunua hatifungani za nchi mwanachama siku soko litakapozikimbia, na kwa masharti yaliyoandikwa na nani.